Kuditachi Paa la Mama Mkwe

Nyumbani kwetu siku hizi kuku akichinjwa hanyonyolewi manyoya, anaditachiwa. Nguo zikikauka hazianuliwi, zinaditachiwa kambani. Mtoto wa jirani alipoachishwa ziwa, mama mkwe aliuliza, "Mmeshamditachi?" na hakuna aliyecheka, kwa sababu neno limeshakuwa la kwetu kama ndizi. Hata bibi mzaa mama wa mke wangu, ambaye darasa alilipitia kwa nje akienda kuchota maji, juzi aliniita chumbani nije nione: jino lake la mbele limejiditachi lenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Neno hilo nimelileta mimi, kama mgeni anavyoleta kunguni kwenye begi.

Mimi ni fundi cherehani, kidato cha nne, na mtu wa kukaa. Nasema mtu wa kukaa kwa sababu "mvivu" ni neno la mke wangu. Baba yangu aliletwa mkoa huu na mashamba ya miwa, akitokea mbali, na mimi nikazaliwa kwenye nyumba za kambi, ambako kila familia ilijua kwamba siku kazi ikiisha na nyumba imeisha. Labda ndiyo sababu nilipopanda milima hii kuja Matombo kuwasalimia wazazi wa mchumba wangu, binti niliyekutana naye sokoni Morogoro mjini akiuza pilipili manga na mdalasini, nilikaribishwa barazani, nikapewa ndizi za kuchemsha na chai, nikatazama bondeni, na ukweli ni kwamba sijanyanyuka mpaka leo. Mke wangu anasema nikifa wasihangaike na jeneza. Wanizike na kiti changu, maana kututenganisha itakuwa ni kumsumbua maiti.

Waluguru, kwa bahati yangu, wamemzoea mwanamume wa kuja. Ardhi huku ni ya ukoo wa mama. Mwanamume anaoa, anakuja na jembe lake, analima shamba la ukoo wa mkewe, anazeekea hapo. Ikitokea wameshindwana, anabeba jembe lake anarudi kwa dada zake. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na wanawake wenye nyumba, na wanaume waliooa humo. Mwenye nyumba ni bibi. Mama mkwe ni binti yake, na mke wangu ni binti wa binti. Baba mkwe ni mkwe, na mimi ni mkwe. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amekaa muda mrefu mpaka akasahau.

Sasa neno. Nililipata kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni "detach", akatoa kalamu mfukoni, akachomoa kofia yake, akairudisha, akaichomoa tena, akairudisha, kisha akatutazama kama mtu aliyemaliza kazi ya mwezi mzima.

"Mmeona? Detach."

Mmoja wetu akauliza kama ni kung'oa. Mwalimu akasema hapana, kung'oa ni meno. Kubandua, je? Hapana, kubandua ni stempu. Basi ni kuchomoa? Mwalimu akakuna kichwa, maana kweli alikuwa amechomoa, tumemwona sote. Kengele ikamwokoa. Nilichobaki nacho mimi ni ile kofia ya kalamu: inatoka, haiumii, inarudi.

Baadaye, nikiwa fundi mwenye muda mwingi wa kuwaza kati ya suruali na suruali, nililifikiria sana jambo hili. Kiswahili kina mkono maalumu kwa kila kinachotoka mahali pake. Jino linang'olewa. Hindi linakonyolewa shambani na kupukuchuliwa nyumbani. Sufuria inaipuliwa, ugali unamegwa, nyama inanyofolewa, mshono unafumuliwa. Mwingereza, na haraka zake, kazi zote hizo anazikabili kwa neno lile lile, kama fundi baiskeli mwenye spana moja. Nilidhani ni umaskini. Siku hizi nadhani ni ujanja. Mtu akikiri kwamba amenyofoa, umeshajua ametumia nguvu. Akisema ameditachi, utamshtaki kwa lipi?

Neno lilikaa kichwani mwangu miaka mingi bila kazi, kama suti ya harusi, mpaka baba mkwe alipopata msimu mzuri wa pilipili manga akanunua sola. Paneli ikapanda juu ya paa la chumba chake na mama mkwe, betri ikakaa sebuleni, pakapatikana taa na redio. Kwenye waya kulikuwa na kikaratasi cha njano kinachoning'inia, kimeandikwa Kiingereza kwa wino mwekundu. Familia nzima ikakusanyika.

"Haya, msomi wetu atusomee," akasema baba mkwe.

Nikasogea. Maandishi mengi yalikuwa madogo na miwani sina, lakini yale makubwa niliyajua kama ninavyojua jina langu.

"Inasema usiditachi."

Baba mkwe akakisogelea kile kikaratasi.

"Ndiyo nini hiyo?"

Ningeweza kusema "usichomoe" tukaenda kula. Lakini niliwatazama. Tangu nioe katika familia ile hawakuwahi kunisikiliza wote kwa pamoja. Nikakohoa kidogo.

"Ni neno pana," nikasema.

Baba mkwe alilipenda papo hapo. Tangu siku ile waya ule ukawa serikali. Mtoto akiukaribia, "Usiditachi!" Kuku akiupitia, "Usiditachi!" Mpaka leo sijui kilichokatazwa kilikuwa ni waya, ni paneli, au ni hicho kikaratasi chenyewe. Sikuulizwa tena, na mimi si mtu wa kujitafutia kazi.

Ugomvi ulianza mchana, mwisho wa kiangazi, wakati mawingu yalikuwa yameanza kujipanga nyuma ya vilele vya Uluguru kila alasiri na kutawanyika bila kusema neno. Baba mkwe alikuwa sebuleni anasikiliza matangazo ya vifo. Ndicho kipindi chake. Wengine wana mpira, yeye ana marehemu. Simu ya mama mkwe ilikuwa imezima, na alikuwa anamngoja mnunuzi wa karafuu ampigie. Akaingia, akachomoa waya wa redio, akachomeka wa simu. Wakati huo huo mtangazaji alikuwa amefika kwenye, "... wa ukoo maarufu katika milima ya Uluguru, kilichotokea ghafla nyumbani kwa..."

Redio ikakata.

"Nani?" akasema baba mkwe. "Nani amekufa?"

"Mimi nitajuaje?"

"Huenda ni ndugu yangu!"

"Akiwa ndugu yako watakupigia."

"Watanipigia kwa simu ipi, na yenu imekufa?"

"Si ndiyo naichaji!"

Mimi nilikuwa barazani natia vifungo kwenye shati, nikashona kifungo kimoja mara mbili kwa kusikiliza. Waliporudisha waya, mtangazaji alikuwa ameshafika kwa marehemu wengine. Baba mkwe akasimama.

"Umeditachi! Imeandikwa usiditachi, na mkwe kasoma, na wewe umeditachi!"

"Nimeditachi," akasema mama mkwe, "na kesho nitaditachi tena."

"Basi na mimi naditachi. Bati ni zangu. Nakwenda kwa dada yangu, na bati zangu zinakwenda na mimi."

Tulidhani ni hasira ya mchana itakayoshuka na jua. Haikushuka. Akaitwa mjomba wa mke wangu, ndugu wa mama mkwe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuja, akanywa chai, akasikiliza pande zote mbili, akaitazama nyumba kama mtu anayekadiria ng'ombe, kisha akatoa uamuzi.

"Bati ni zake, alinunua. Ukuta ni udongo wa ukoo, ni wetu. Boriti zimekatwa msitu wa ukoo, ni zetu. Achukue bati, aache nyumba."

Akabeba mkungu wa ndizi akaondoka. Haki ilikuwa imetendeka, na ilikuwa haina paa.

Hapo ndipo lilipoacha kuwa la kuchekesha. Bibi ana kifua. Baridi ikimpata hukohoa mpaka tunahesabu pumzi zake kwa zamu, na mvua za huku zikianza haziulizi nani mgonjwa. Mama mkwe hakuwa na uwezo wa kuezeka upya kabla ya masika, labda kwa nyasi, na nyasi siku hizi hata wa kuzifunga vizuri hawapo. Na baba mkwe mwenyewe, umri ule, alikuwa anakwenda kuwa mgeni sebuleni kwa dada yake. Mke wangu alilia akiwa amegeukia ukutani, akidhani nimelala. Nilikuwa nimelala, kwa kweli, lakini niliamka.

Asubuhi baba mkwe akaja barazani.

"Mkwe."

"Naam, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Panda."

Magoti yake yalishakataa ngazi zamani. Mwanawe wa kiume yuko Dumila anauza nyanya barabarani; alipopigiwa simu alisema nyanya zimeiva na mabasi hayamngojei mtu, akakata. Nikabaki mimi. Na mkwe, akiambiwa panda, hana mdomo wa kukataa.

Lakini mama mkwe naye alikuwa uani. Kwa heshima yetu, mimi na yeye hatusemeshani uso kwa uso. Akiwa na neno langu humpitishia mtu wa kati, na mtu akikosekana humpa kuku.

"Wewe kuku," akasema, akimtazama kuku kwa ukali ambao kuku hakustahili, "mwambie huyo fundi, akipanda juu ya paa langu asije akaomba ugali chini yake."

Amri mbili, mtu mmoja, na ngazi imeshaegemezwa ukutani. Nikafikiri kama mtu wa kukaa anavyofikiri: jambo usiloweza kulikataa, lifanye polepole.

"Baba," nikasema, "tunang'oa, au tunaditachi?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa."

Nikamweleza ile kofia ya kalamu. Kitu kilichong'olewa, nikasema, kimeshaumia, hakirudi kama kilivyokuwa. Kitu kilichoditachiwa kinatoka kizima na popote utakapokipeleka kinakaa. Kuditachi bati maana yake kila msumari utoke umenyooka, tundu lisipanuke, na kila bati liandikwe lilikotoka. Tukizing'oa, atafika kwa dada yake amebeba machujio ya tui.

Baba mkwe akafikiri. Dada yake namfahamu. Ana mdomo unaotangulia mwili kwa hatua kadhaa.

"Ditachi," akasema.

Basi nikaditachi. Niliditachi kama ninavyofumua gauni la bibi harusi aliyenenepa wiki ya harusi. Tulianza na jiko, kwa sababu ndiyo nchi ya mama mkwe na baba mkwe alitaka auone mwanga. Kila msumari niliutia tone la mafuta ya kula, nikauacha ufikiri, nikaunong'oneza kwa mtaimbo, nikaunyoosha juu ya jiwe, nikaupangusa. Kisha chai. Bati likishuka naliandika kwa chaki yangu ya kukatia nguo: "jiko kushoto", "jiko mlangoni". Nikipanda jua linachomoza, jua likipanda nashuka kwa ajili ya jua.

"Baba watoto," mke wangu akaniita kutoka chini, "huko juu ndiko mbali kuliko kote ulikowahi kufika tangu nikuoe!"

Bibi naye hakuniacha. Huku bibi wa mkeo ni mke wako wa utani, na huyu wangu hachoki na ndoa yetu. Nilipofika juu ya chumba chake alichungulia, akajifunika khanga usoni.

"Mume wangu! Mchana kweupe unanivua nguo na watu wanaona?"

"Nakuditachi tu, mke wangu."

"Ditachi taratibu, mifupa yangu haina vipuri."

Baba mkwe, aliyekuwa ameshika ngazi, aliiachia akaenda kusimama nyuma ya mgomba. Kwake yule ni mama mkwe, na maneno kama yale hatakiwi hata kuyasikia. Karibu nianguke.

Mdogo wa mke wangu, anayesoma chuo kule Mazimbu, akapiga simu kuniuliza hali. Nikaongea naye nikiwa nimekalia boriti.

"Shemeji, tatizo la baba ni kwamba hajajifunza ku-detach."

"Shem, mbona hapa tunafanya hiyo tu tangu Jumatatu?"

"Sio bati! Kihisia. Unaachilia watu na mambo yao, unabaki na amani yako. Siku hizi kila mtu anafanya."

"Na hao walioachiliwa wanakaa wapi?"

"Shemeji, hiyo sio sehemu yako ya kubeba."

Nikamwambia ningependa sana, ila kwa sasa sehemu yangu ya kubeba ilikuwa na futi kumi na ilikuwa inapepea. Nilimwaza sana yule binti siku ile. Mwalimu wangu na kofia yake ya kalamu hakuwahi kutuambia kwamba neno lile lingefika mpaka moyoni.

Polepole, lakini jiko likaisha. Baraza likaisha. Chumba cha bibi kikaisha, kisha sebule. Chumba chetu pia, na ninawaambia, mtu wa kukaa akilala anatazama nyota kutoka kitandani mwake hajisikii tajiri hata kidogo. Cherehani nililivika nailoni nikalifunga kama mgonjwa. Bibi alikuwa halali tena chumbani kwake. Tangu siku ya ugomvi mama mkwe alimtolea nafasi chumbani kwake na kumwambia baba mkwe akalale sebuleni. Nami nikaona ni huruma ya mtoto kwa mama yake, nikaendelea na misumari yangu.

Likabaki paa la chumba kimoja, cha mama mkwe.

Nilikaa juu ya ukuta, mtaimbo mkononi. Mawingu ya alasiri yalikuwa yamekuja mapema na safari hii hayakuonekana kuwa na mpango wa kutawanyika.

"Mbona umekaa?" akauliza baba mkwe kutoka chini.

"Baba, hapa ndipo mwisho wangu."

"Mwisho wa nini? Bati si hizo?"

"Chini yake ni chumbani kwa mama."

Akalitazama lile bati. Mkwe hachungulii chumba cha mama mkwe hata kwa tundu la ufunguo, sembuse kwa juu kama mwewe. Ningelifungua lile bati, ningeona kitanda chake na kila kilichotundikwa ukutani, na kuanzia siku ile hata kuku wasingetosha kutusemesha. Lingekuwa jambo la kusimuliwa misibani.

"Sawa," akasema. "Umefanya vizuri. Shuka, nitapanda mwenyewe, magoti yatajua yenyewe."

Nikashuka. Akaweka mguu kwenye ngazi. Nikamwacha aweke na wa pili.

"Baba."

"Nini tena?"

"Bibi yumo."

Akabaki pale pale, miguu yake yote miwili kwenye ngazi, mikono imeshika mianzi. Niliona neno linamwingia kama maji yanavyoingia kwenye viatu. Yule aliyemo ndani ni mama wa mkewe. Yeye, mwenye mvi zake, mwenye bati zake, aliyenunua sola, alikuwa mkwe tu mbele ya ule mlango, sawasawa na mimi niliyekuja juzi na begi la nguo.

Akashuka. Hatukutazamana. Ngurumo ikapita juu ya mlima kama mtu anayesogeza kabati.

Mvua ya upande huu wa Uluguru haiji kwa matone. Tuliiona ikishuka mgombani, ikavuka shamba la ndizi, na kabla sijafikia cherehani wanawake walikuwa wameshapita mbio: mke wangu na watoto, jiko la mkaa likiwa bado lina moto, sufuria ya chai, betri, redio, godoro letu, cherehani langu (hilo lilibebwa na mke wangu peke yake, nataka mjue nilioa mtu wa aina gani), na kuku wote na yule msemaji wao. Wakaingia chumba kile kimoja chenye paa. Mlango ukafungwa.

Tukabaki wawili uani. Jiko halikuwa na paa wala baraza halikuwa na paa, kwa kazi yangu safi. Baba mkwe akatazama chini ya mteremko, kwenye moshi wa nyumba ya jirani.

"Twende kwa jirani, Baba?"

"Tukamwambie nini?"

Lilikuwa swali zuri. Tukaenda kwenye rundo la mabati, tukanyanyua moja, yeye akashika mbele mimi nyuma, tukalibeba juu ya vichwa vyetu, tukasimama katikati ya ua. Ukituona kwa mbali ungesema ni watu wamebeba jeneza wakasahau makaburi yako wapi. Mvua ilipiga lile bati mpaka meno yakawa yanacheza. Mbele ya pua yangu niliona chaki yangu, "jiko kushoto", ikayeyuka na kushuka kama maziwa, mpaka haikubaki jiko wala kushoto.

Kutoka ndani zilikuja harufu ya mdalasini na vicheko. Bibi akakohoa mara moja, kikohozi kidogo cha moshi, kisha tukamsikia akicheka kuliko wote. Nikapumua.

"Wanacheka nini?" baba mkwe akauliza bila kugeuka.

"Sijui, Baba."

Nilijua. Alijua.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama mkwe akatokeza, kuku kwapani. Akamsemesha kuku kwa sauti ya kushinda mvua.

"Wewe kuku, waambie hao wanaume wa watu kwamba simu ilishajaa chaji siku nyingi. Nimempigia dada yake huyo mzee. Hakuna ndugu yao aliyekufa. Na dada yake anauliza, huyo anayekwenda na bati atamweka wapi, maana vyumba vyake vyote vimejaa wakwe."

Mlango ukajifunga.

Tulisimama. Maji yalikuwa yamefika vifundoni na sandali yangu moja ilikuwa imeshaanza safari ya bondeni. Baba mkwe aliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Mabega yake yalianza kutikisika nikadhani ni baridi, kisha nikadhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kile kicheko cha mzee ambacho huwezi kukiapia.

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Hili neno lako. Ulisema kinachoditachiwa kinarudi."

"Kinarudi, Baba. Ndiyo maana yake hasa."

"Una hakika? Usije ukawa umekisia."

"Mwalimu alituonyesha kwa kalamu."

"Basi mvua ikikata, panda."

Nilipanda kesho yake. Kazi niliyoivuta wiki nzima niliirudisha kabla ya kengele ya jioni ya misheni, maana nilikuwa na ari, na kitanda changu kilikuwa kimelowa. Ila chaki ilikuwa imefutika yote, na hakuna bati lililokumbuka lilikotoka. Matundu ya jiko yakaja sebuleni, ya sebule yakaja kwetu. Nikaziba kwa lami nilichoweza. Leo nyumba yetu ikinyeshewa inalia kila mahali kidogo kidogo, isipokuwa chumba cha mama mkwe. Juu ya mto wangu panadondoka tone moja lenye subira kubwa. Nimeweka beseni. Mke wangu ananiambia nihamishe kitanda, nami namwambia nalifikiria.

Siku moja nilimsifia mke wangu ule utaratibu wangu, jinsi nilivyoliokoa paa kwa ucheleweshaji wa kisomi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwani wewe unadhani bibi alihamishiwa chumbani kwa mama kwa sababu gani?"

Nikarudi kwenye kiti changu.

Baba mkwe alirudi chumbani kwake na bibi kwenye chake, bila mkutano wowote. Ya sola yaliisha hivi: mama mkwe aliazima mkasi wangu, kwa kupitia kuku, akakikata kile kikaratasi cha njano kwenye waya, akakifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti cha baba mkwe pale barazani, karibu na changu. Mzee alipotoka asubuhi alikikuta. Akakigeuza huku na huku.

"Mkwe, hebu nisomee. Kinasema nini?"

Nikakitazama kwa makini, kama sijawahi kukiona.

"Kinasema ukae, Baba."

Akakaa. Sisi wote wawili tukatazama bondeni.

Kiti changu hakina kikaratasi. Mke wangu anasema hakuna haja.